Makosa Ubaoni

Mwaka juzi, mwezi wa saba, mimi na kijana wangu wa kwanza tuliondoka Minneapolis kwa gari kwenda Kansas City, kwenye harusi ya binti ya dada yangu. Mama yake alikuwa ametangulia kwa ndege. Baadaye nilifahamu kwamba alifanya hivyo makusudi, ili tubaki wawili.

Tulikuwa hatujazungumza kwa miezi 14. Alipoacha chuo bila kutuambia, nilimtamkia neno ambalo mzazi hapaswi kulitamka: asiniite baba tena. Akachukua begi lake, akaenda kukaa kwa marafiki. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya usharika, mzee wa kanisa na suti yangu, nikaongoza Sala ya Bwana mpaka mwisho bila kukwama popote.

Barabara ya I-35 ni mahindi kulia, mahindi kushoto. Karibu saa nne tulizungumza habari za mafuta na choo tu. Tulipokaribia Des Moines akasema, "Nimekata tiketi mbili za besiboli. Lakini kama ni kupita tu, sawa." Hakuniita Baba. Alikuwa bado anatii agizo langu.

Nikasema tuingie.

Wapendwa, nimeishi Marekani miaka 19 na sikuwahi kuutazama mchezo huu hata dakika kumi. Uwanja wa Principal Park uko pale mito ya Des Moines na Raccoon inapokutana, na mbele yako, nje ya uwanja, unaliona kuba la dhahabu la jengo la serikali ya jimbo. Wenyeji, Iowa Cubs, wako ngazi moja chini ya ligi kuu. Vijana wengi pale wanangoja kuitwa Chicago, na wengine hawaitwi kamwe. Kijana wangu akanieleza taratibu: raundi tisa, mrushaji, mpigaji na gongo lake (la kupigia, si lile la kunywa). Akasema mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi anahesabiwa kuwa mzuri sana. Nikamwuliza, "Na zile saba?" Akacheka. Kicheko hicho nilikuwa nimekikosa nyumbani.

Ubaoni kila timu ilikuwa na jumla tatu mwishoni: mikimbio, mipigo iliyofanikiwa, na ya tatu chini ya herufi E.

"Hayo ni makosa," akasema.

"Wanayaandika watu wote wayaone?"

"Ndiyo."

Raundi ya nne, mpira mwepesi kabisa ukapita katikati ya miguu ya mchezaji mmoja wa wageni. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Sifuri ikageuka moja. Nilingoja kocha amtoe, lakini hakutolewa. Alipigapiga glavu yake, akainama tena mahali pale pale, na baada ya muda mpira ukamwendea yeye yule yule. Akaudaka. Ile moja haikufutwa. Ilibaki juu pale mpaka tunatoka.

Mfano wa mwana mpotevu nimeufundisha mara nyingi kwenye jumuiya, na kila mara nilijiona ni yule baba anayengoja njiani. Pale kwenye kiti cha plastiki nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani: baba yule hakumfukuza mtu. Mwana aliomba urithi, akapewa, akaondoka mwenyewe. Wa kwangu niliyemfungulia mlango ni mimi.

Katikati ya raundi ya saba watu wote husimama kujinyoosha na kuimba, kama sisi tunavyosimama kwa Injili. Tukasimama. Katika kelele zile nikamwambia, "Siku ile nilikosea. Si wewe. Mimi." Nilikuwa na mengi zaidi, nilikuwa nimeyapanga tangu Minnesota, lakini sauti ilikatika.

Hakujibu. Alitazama uwanja muda mrefu, halafu akanisogezea mfuko wa karanga.

Hajarudi chuoni, na kanisani huja Krismasi tu. Sitawadanganya. Usiku ule aliendesha yeye. Kabla ya kuwasha gari alikaa kimya, mikono kwenye usukani, nikadhani amechoka.

"Baba," akasema, "huombi safari?"

Nikaomba. Nilikwama mara mbili.