Picha moja safi ya kila mtoto



Kuna wanaodhani kupiga picha ni kazi ya vijana, au ya wageni wanaoshuka kwenye magari meupe. Mimi ni mama wa shamba, mkono wangu umezoea jembe. Lakini tangu mavuno ya maharagwe ninajifunza kupiga picha kwa simu ya kikundi chetu, na ninataka kuwaeleza sababu.

Hapa kwetu, picha ya uso inaweza kuwa kitambulisho pekee cha mtu. Katika Kongo, kadi ya mpiga kura ndiyo tunayoonyesha kila mahali. Lakini kwa sababu ya vita, watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura katika uchaguzi wa 20 Desemba 2023. Binti aliyetimiza miaka 18 wakati ule alibaki bila kadi, na wadogo zake wengi hawana hata cheti cha kuzaliwa. Risasi zikilia usiku, mama anabeba mtoto wa mgongoni, wakubwa wanashika njia yao. Mmoja anatokea Masisi-Centre, mwingine Sake.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1994 na miaka iliyofuata. Watoto walipopotezana na wazazi kati ya Rwanda na Kivu, Msalaba Mwekundu na UNICEF waliwapiga picha na kuzionyesha kambini ili jamaa wawatambue. Uso ukiwa na giza, nani atautambua?

Zamani fotografu alikuja siku ya soko na filimu ya picha 36, na kila picha ilikuwa na bei. Ndiyo sababu ndoa ya mama yangu ina picha moja tu. Leo unaweza kupiga kumi na kufuta tisa. Basi tujifunze bila hofu.

Jambo la kwanza ni kioo kidogo cha kamera. Simu inakaa jikoni, kioo kinashika mafuta ya mawese na unga. Kipanguse kwa ncha laini ya kitenge.

La pili ni mwanga. Msimamishe mtoto ndani kidogo ya mlango, uso ukitazama nje. Mwanga wa mlangoni ni mpole. Jua la saa sita linaweka vivuli chini ya nyusi, macho hayaonekani. Usimweke tena mbele ya mbingu nyeupe ya vilima vyetu: simu inapima mwanga wote, inaona umezidi, inaupunguza, na uso mweusi unageuka kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, nayo itapima pale.

La tatu ni utulivu. Mahali penye giza simu inahitaji muda zaidi kukusanya mwanga, na ukitikisika picha inavurugika. Bana viwiko mbavuni, egemea ukuta, shika pumzi.

La nne, sogea kwa miguu. Ukivuta picha kwa vidole, uso unakuwa punjepunje. Chuchumaa mpaka macho yako yalingane na ya mtoto.

Hatuko peke yetu katika kazi hii. Arlette Bashizi, mwanamke wa huku kwetu Kivu, amepiga picha zilizochapishwa na shirika la habari la Reuters. Kamera haichagui mwanaume.

Ila tuwe na akili. Omba ruhusa kabla ya kupiga. Picha ya mtoto pamoja na jina na kijiji chake isiwekwe Facebook. Simu nyingine zinaandika mahali picha ilipopigwa. Zima jambo hilo katika mipangilio ya kamera. Tuma nakala moja kwa ndugu unayemwamini aliye mbali. Ukipata franka, chapisha nyingine, andika nyuma yake majina ya wazazi, uifunge ndani ya plastiki pamoja na daftari ya akiba.

Jirani yangu alikataa. Aliniambia: “Mama, kumpiga mtoto picha ukiwaza atapotea ni kumwitia mkosi.” Nilimjibu: “Dada, sisi wote tunalala na mfuko karibu na mlango. Nguo, chumvi, sufuria. Je, mfuko ndio unaoleta vita?” Alinyamaza. Kesho yake alikuja na watoto wake watatu, wameogeshwa na kupakwa mafuta. Wawili walisimama wima kama askari. Mdogo alicheka tu, na picha nane zikatoka macho yamefungwa. Ya tisa ilikuwa wazi. Mama yake aliomba nisifute moja ya zile za kicheko.

Ya wazi iko ndani ya mfuko. Ya kicheko ameibandika ukutani.

Wamama, kikao kijacho njooni na watoto asubuhi, jua likiwa bado chini. Mlango wa nyumba ya kikundi unatosha.