Amekojoa Kiasi Gani?

Jumatatu, 4 Machi 2024, usiku

Zamu nimeipokea saa mbili. Mzazi wa kitanda cha dirishani, uzao wa kwanza, kajifungua saa nane mchana, mtoto kilo 3.8. Alisukuma muda mrefu, akaongezewa njia. Aliyenikabidhi kasema: damu si nyingi, amekojoa, yuko salama.

Saa nne nikamshika tumbo. Kizazi kimepanda juu ya kitovu, kimesogea kulia, na ni laini. Kizazi cha hivyo kina mabonge ya damu, au kuna kibofu kilichojaa kinachokisukuma.

"Mdogo wangu, umekojoa?"

"Ndiyo, nesi."

"Kiasi gani?"

Akamtazama mama mkwe wake kwanza. "Matone. Yanatoka yenyewe."

Basi hajakojoa. Hayo ni mafuriko ya kibofu kilichoshindwa kubana. Nikampa dawa ya maumivu, tukamtembeza hadi msalani, mama mkwe akammwagia maji ya uvuguvugu. Hakuna kitu. Nikaweka mpira wa mkojo: mililita 1,100. Mtu wa kawaida huanza kuhangaika kutafuta choo kwenye 300 au 400. Huyu hakuhisi lolote, na hilo ndilo lililonitisha. Kibofu kilipoishiwa mkojo, kizazi kikashuka, kikajikaza, na damu ikapungua. Tumeuacha mpira.

Jumatano, 6 Machi

Mpira umetolewa alfajiri. Adhuhuri kakojoa mwenyewe 250, wodi nzima ikafurahi. Daktari akataka tupime kilichobaki: 200. Kikizidi 150 baada ya mtu kukojoa, bado mkojo umefunga, ila kwa siri. Aina ya wazi ni ile ya kupitisha saa 6 tangu kujifungua bila kukojoa. Hii ya siri inatembea, inacheka, inaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mpira ukarudi.

Mama mkwe kaniuliza kama ni kwa sababu binti hakukandwa vizuri. Hapana, mama. Kichwa kilikaa njiani muda mrefu kikabana mishipa ya fahamu ya huko chini. Kuna uvimbe, kuna nyuzi, na maumivu humfanya mtu ajibane bila kutaka. Homoni za ujauzito nazo hukilegeza kibofu tangu miezi ya nyuma, halafu dripu ya leba ikakijaza. Angevutwa kwa vakyumu, hatari ingeongezeka.

Vitabu hutaja sana ganzi ya mgongoni. Hapa kwetu ni wachache mno wanaoipata, na nadhani ndiyo maana tumejiaminisha kwamba tatizo hili ni la hospitali za matajiri. Nyonga haijui hospitali.

Ijumaa, 8 Machi

Leo kakojoa 350 bila mpira, kilichobaki 60. Karuhusiwa. Nimemwambia asisubiri kubanwa. Kila baada ya saa tatu aende hata kama hahisi, na akiona matone arudi.

Mwanafunzi wa ukunga kaniuliza kama hiyo ndiyo fistula. Si hiyo. Kwenye fistula kichwa kimekandamiza mpaka nyama ikafa, pakabaki tundu, na mkojo unavuja mchana na usiku. Lakini mwanamke mwenyewe atakuja na neno lilelile, "yanatoka yenyewe", kwa hiyo ukilisikia usimpe pedi ukaenda zako.

Jumapili, 10 Machi

Nimeleta jagi la plastiki lenye alama za mililita, lile la kupimia maziwa. Kila mzazi akojolee humo mara ya kwanza, tuandike saa na kiasi. Mwenzangu kalalamika kwamba tunajiongezea makaratasi. Nimemjibu kwamba kutokwa damu kwa sababu ya kibofu kuna makaratasi mengi zaidi. Hakucheka.

Mzazi mwingine, wa uzao wa tatu, mchubuko tu, alilikataa jagi. Si aibu ya jagi: mlango wa choo haufungi, na wanaume wa kuleta uji wanapita hapo. Nikasimama mlangoni na kanga. Kajaza 400. Kesho nitamtafuta fundi aweke komeo.