Denver Waliulizwa, Nairobi Bado

Hapa Denver, kuona milima ni jambo lililowekewa kanuni. Miaka ya themanini, wakati wa baridi, wingu la kahawia lilikuwa likitanda juu ya jiji hadi Milima ya Rocky, iliyo hapo magharibi tu, ikafifia. Wakazi wa kawaida wakaonyeshwa picha za jiji lao, siku za hewa safi na siku za hewa chafu, wakaulizwa ipi inakubalika. Majibu yao ndiyo yaliyozaa kiwango cha mwaka 1990: jicho lifike takriban kilomita 51.

Nairobi nayo ina mlima. Mwaka 2020, magari yalipopungua kwa sababu ya korona, picha ya Mlima Kenya nyuma ya maghorofa ya jiji ilienea mitandaoni, na kuna waliobisha kwamba imetengenezwa kwa kompyuta. Mlima uko kilomita 140 hivi kutoka mjini. Iliniuma sana kuona watu wakiukana mlima wao wenyewe.

Ukifichwa na mawingu, sawa. Lakini kuna siku zisizo na wingu na bado hauonekani, na hapo wa kulaumiwa ni PM2.5, chembe zisizozidi maikromita 2.5. Chembe kama thelathini zikipangwa hazizidi unene wa unywele mmoja. Nyingi zinakaribiana kwa ukubwa na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo huutawanya: mwanga wa kutoka mlimani hupotea njiani, na ule wa jua hutupwa machoni mwako, mpaka mlima na anga vikawa rangi moja. Unyevu ukiongezeka, baadhi ya chembe hunyonya maji zikavimba, hali ikazidi. Vumbi tunalolilalamikia kila siku lina chembe kubwa zaidi. Kwa uzito uleule, haliwezi kuziba macho kama moshi.

Na moshi wenyewe wa Nairobi tunaujua. Ni matatu ya dizeli ikipanda mlima huku ikitema weusi, jalala la Dandora likifuka, plastiki zikichomwa nyuma ya vibanda jioni. Asubuhi hewa baridi hulala chini, na moshi wote hubaki papo hapo tunapopumua.

Denver bado inasumbuliwa na moshi wa mioto ya misitu kila kiangazi. Hata hivyo ule utaratibu wao wa kuuliza wakazi tunaweza kuanza nao Nairobi kesho: kamera moja juu ya jumba la mikutano la KICC ikielekezwa kaskazini, picha za mwaka mzima, kisha waitwe makanga, mama mboga na wanafunzi waseme ni ipi wanayoikubali.