Ada ya Mchezo kwa Asiyecheza



Miaka hii wazazi wa mitaa yetu hutuletea barua za vyuo vya Marekani, wakitaka tuzisome pamoja nao kabla hawajauza shamba au dhahabu ya mama. Katika baadhi ya hesabu hizo za karo tumekuta mstari unaowashangaza: ada ya michezo, anayotozwa kila mwanafunzi, acheze asicheze. Binti aliyekwenda kusomea ufamasia naye huwalipia wachezaji viatu.

Vyuo vina hoja yao. Hutajwa sana Boston College, ambako mnamo Novemba 1984 kijana Doug Flutie alirusha mpira wa mwisho ulioishinda Miami kwa 47 kwa 45, nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Baina ya 1983 na 1985 maombi ya kujiunga na chuo hicho yalipanda kwa takriban asilimia 30. Lakini maombi yalikuwa yakiongezeka tangu kabla ya mpira ule kurushwa. Na mwombaji si mwanafunzi: chuo chenye nafasi zile zile hupata wasaa wa kuchagua tu, hakipati mlipaji hata mmoja wa ziada.

Vyuo vidogo vya daraja la tatu vina njia nyingine. Kanuni haziviruhusu kutoa ufadhili wa michezo. Basi chuo kilichopungukiwa na wanafunzi kikianzisha timu ya vijana mia moja, kimejipatia walipa karo mia moja. Biashara hiyo i wazi, nasi hatuna neno nayo. Mashaka yetu ni kwa vile vikubwa, vyenye viwanja vya watu elfu themanini na makocha wanaolipwa mamilioni ya dola. Ni vichache mno ambavyo idara zao za michezo hujitegemea. Pengo huzibwa kwa hazina ya chuo na kwa ada ile ile ya binti wa ufamasia.

Spelman, chuo cha wanawake weusi mjini Atlanta, kilizitazama hesabu zake mwaka 2012. Karibu dola milioni moja kwa mwaka zilikuwa zikiwahudumia wachezaji wapatao 80 katika wanafunzi 2,100 hivi. Rais wake, Bi. Beverly Daniel Tatum, aliyehuzunishwa na wanawake wa jamii yake wanaokufa mapema kwa kisukari na maradhi ya moyo, aliziondoa timu mashindanoni mwaka 2013, na fedha zikaelekezwa kwenye mazoezi na siha ya wanafunzi wote. Sisi tuliofundishwa juu ya mikeka ya madrasa kwamba mali ya wengi ni amana, uamuzi huo umetugusa kuliko ushindi wowote wa uwanjani.

Mama mmoja wa hapa mtaani alikiandikia chuo alichokubaliwa binti yake, akauliza mawili: ada ile ni kiasi gani kwa miaka minne, na je, bwawa la kuogelea lina saa za wanawake peke yao? Jibu la kwanza lilizidi nauli ya ndege. La pili angali akilingoja.