Msusi wa Kyela, spoku ya baiskeli na ugomvi wa nani mwenye kitu

Wadau wa urembo, mnaolijua joto la Kyela mnalijua. Ukishuka kutoka Tukuyu hadi huku chini karibu na Ziwa Nyasa, nguo inakushika mgongoni. Sasa mfikirie msusi: mafuta mkononi, jasho, na mteja anataka rasta ndogo ndogo awahi nazo Matema.

Yupo msusi mmoja Kyela mjini, jina kapuni. Vitana vyake vya mkia, vile vya plastiki, vilikuwa vinakatika hovyo. Mkia ukikatika katikati ya kichwa cha mtu unamalizia mistari kwa ukucha, na mistari ya ukucha kila mtu anajua ilivyo.

Baiskeli ndiyo usafiri wa Kyela, na spoku mbovu zinaokotwa tu. Akaokota moja, akampelekea fundi wa jirani aikate na kuinoa. Ya kwanza ilichubua watu. Mama mmoja alishika utosi akasema, "Mwanangu, umekuja kunisuka au kunichanja?" Fundi akaisugua ncha kwa msasa mpaka ikawa duara kama kichwa cha kiberiti. Mpini ukazungushiwa mpira wa tyubu, usiteleze kwenye mafuta. Upande wa pili ikawekwa ndoano ndogo ya kuvutia rasta, ili asiwe anaweka kitana chini na kuokota sindano kila dakika. Ndoano ikamchoma kiganja. Akaivalisha kifuniko cha peni, basi.

Usicheke. Lyda Newman, mwanamke mweusi wa New York aliyekuwa anatengeneza nywele, alipata hataza mwaka 1898 kwa brashi inayofunguka ili uchafu utoke. Vitu hivi vinaanzaga kwa wanaoshika vichwa vya watu.

Kasheshe ikaja mteja kutoka Kasumulu, kule mpakani na Malawi, alipokaa kwenye kiti akacheka. "Dada, hiki na kwetu kipo. Buku mbili."

Kumbe fundi alikuwa anavitengeneza jioni na kuviuza pembeni. Dada akamfuata.

"Kaka, ndo umeniuzia kazi yangu?"

"Dada yangu, spoku yangu, msasa wangu, mikono yangu. Wewe ulileta maneno."

Kusema ukweli fundi naye ana chake hapo, ile ncha kailainisha yeye. Lakini spoku ya kwanza kaileta nani? Na nani alijua ncha iwe duara? Yale maneno ndiyo kazi yenyewe, na yalitoka kwenye vichwa vya watu waliolia. Hataza ipo, BRELA ndio wanaoshughulika nayo, ila inataka kitu kiwe kipya, maelezo ya maandishi, michoro na ada. Mchoro wa dada uko nyuma ya daftari la madeni, chini ya jina la mtu anayedaiwa hela ya twende kilioni.

Hawajapatana hadi leo. Wanasalimiana tu.

Ila vya fundi havina kifuniko. Juzi msusi mmoja alitoka Kasumulu na kiganja kimefungwa kitambaa, anauliza vile vifuniko vinapatikana wapi. Dada akamwambia asubiri amalize kichwa. Alipomaliza akamuuzia kitana kizima, buku tano.