Marikiti alfajiri: Shule niliyoingia nikitafuta karo ya binti yangu

IKIWA wewe ni mkazi wa jiji la Nairobi na hujawahi kufika katika Soko la Wakulima saa kumi na moja alfajiri, basi, ndugu msomaji, bado hujalijua jiji unaloishi. Huenda umepita hapo nje mara nyingi ukiwa ndani ya matatu, ukafunga dirisha kwa sababu ya harufu ya kabichi zilizooza, ukaendelea na safari yako. Hata mimi nilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Soko hilo, ambalo wengi wetu tunaliita Marikiti, nililichukulia kuwa mahali pa wachuuzi na mahamali, si pa mtu anayevaa tai kwenda ofisini.

Lakini shida ni mwalimu asiyebagua mwanafunzi.

Ilikuwa Septemba mwaka wa 2023. Utakumbuka kwamba Julai mwaka huo ushuru wa VAT unaotozwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16, na kufikia katikati ya Septemba lita moja ya petroli hapa jijini ilikuwa imepita Sh211. Nauli ikapanda. Sukari ilikuwa imepita Sh200 kwa kilo. Mshahara wangu, kama saa mbovu ya ukutani, ulikuwa umesimama palepale.

Jioni moja mke wangu aliniambia kuwa pesa za matumizi zimekwisha. Nilitazama kalenda. Ilikuwa tarehe 15. Nikauliza kwa ukali, kama tuulizavyo sisi wanaume tusiojua bei ya chumvi, "Pesa zote hizo zimekwenda wapi?"

Hakunijibu. Aliingia chumbani, akatoka na daftari la shule lililochakaa, akaliweka mezani mbele yangu. Ndani mlikuwa na hesabu ya miezi minne: unga, maziwa, makaa, sabuni, dawa ya kikohozi ya kitinda mimba. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari nikitafuta ubadhirifu. Nilipofika mwisho niliupata mmoja tu, na ulikuwa wangu. Kila siku ya kazi nilikuwa nikila chakula cha mchana na soda kwa Sh250 mjini. Ukizidisha kwa siku 22 za kazi, hizo ni Sh5,500 kwa mwezi.

Binti yetu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, alikuwa nyumbani siku hizo. Alikuwa ametumwa karo, Sh9,000 zilizosalia. Alikuwa ameketi pembeni akisoma, nami nilidhani hasikii. Kumbe alisikia yote. Akasema bila kuinua macho kutoka kwa kitabu, "Baba, nikihamia shule ya kutwa hapa karibu, mimi sitasikia vibaya."

Ndugu msomaji, kama wewe ni mzazi utajua jinsi maneno hayo yalivyonichoma. Sikulala. Saa kumi na nusu nilikuwa nimevaa viatu, kiondo cha mke wangu mkononi.

Kutoka Jericho hadi Marikiti

Ukitaka kunifuata, panda matatu katika barabara ya Jogoo kuelekea mjini. Utapita Makadara, halafu Kaloleni na uwanja wa City. Kabla hujazinduka vizuri utakuwa Muthurwa. Hapo ndipo safari huishia kwa watu wengi wa Eastlands. Zamani Muthurwa palikuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli. Soko lililoko hapo lilifunguliwa mwaka wa 2008 ili wachuuzi waliojaa barabara za katikati ya jiji wapate mahali pa kuuzia.

Marikiti ni hatua chache tu kutoka hapo, kando ya barabara ya Haile Selassie. Soko hilo lilijengwa katika miaka ya 1960, wakati Nairobi ilikuwa mji wa watu wachache. Sasa linalisha mamilioni, na ndiyo sababu ukifika langoni utadhani nchi nzima imekubaliana kupita mlango mmoja.

Malori huingia usiku. Viazi hutoka Nyandarua, na kabichi pia. Nyanya huja kutoka Kirinyaga na Loitokitok, ndizi kutoka Meru na Kisii, machungwa na vitunguu vingi kutoka nchi jirani ya Tanzania. Mahamali hupita mbio wakiwa wamebeba magunia mgongoni huku wakipaaza sauti, "Songa! Songa!" Usipojitenga utasukumwa, na hakuna atakayesimama kukuomba radhi. Mtu aliyebeba gunia la kilo 50 hana pumzi ya kupoteza kwa adabu. Vaa viatu vya mpira, ficha simu, na pesa zako zigawe mifukoni.

Kosa langu la kwanza

Siku hiyo ya kwanza nilinunua kama mtu aliyefunguliwa kutoka gerezani. Niliona nyanya zimejaa kreti, nyekundu, zinang'aa, na bei yake ukilinganisha na ya mtaani ilinifanya nitabasamu peke yangu. Nikanunua za Sh1,500. Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa.

Kufikia Jumatano karibu nusu yake zilikuwa zimeoza. Mke wangu alizitupa bila kusema neno, na kimya hicho kilikuwa kikali kuliko matusi. Nilipofanya hesabu niligundua kwamba kila nyanya iliyoliwa ilinigharimu karibu mara mbili ya bei niliyojisifu kwayo. Rahisi inaweza kuwa ghali ikiwa huna mdomo wa kuila wala mahali pa kuiweka.

Jumamosi iliyofuata nilienda na jirani yetu, mama wa makamo ambaye amelea watoto sita kwa mshahara wa kufua nguo. Huyo ndiye aliyenifundisha. Alinionyesha kwamba Marikiti si mahali pa familia moja, bali ni mahali pa familia kadhaa zilizoaminiana. Tulikuwa nyumba tano. Tulinunua gunia moja la viazi la kilo 50 kwa Sh3,000. Mkokoteni hadi stendi ulikuwa Sh100, kubeba gunia kwenye matatu Sh200, na nauli ya mmoja wetu, kwenda na kurudi, Sh100. Jumla Sh3,400. Tukigawa kwa nyumba tano, kila moja ililipa Sh680 kwa kilo 10. Mtaani wakati huo gorogoro la kilo mbili lilikuwa Sh200, yaani kilo 10 zingekuwa Sh1,000. Kila nyumba iliokoa Sh320 kwa viazi pekee.

Sheria zake mama huyo ni chache. Kwanza, kinachokaa ndicho kinachonunuliwa kwa gunia: viazi, vitunguu, maharagwe, mahindi. Kinachonyauka hununuliwa kila siku na kwa kiasi. Pili, usinunue kwa muuzaji wa kwanza. Zunguka soko lote mara moja bila kutoa pesa. Tatu, chungulia katikati ya gunia, kwa maana juu hupangwa vilivyo vizuri. Nne, usisahau kujumlisha nauli. Nyumba moja ikienda peke yake kununua kilo mbili za viazi, faida yote huishia kwa kondakta.

Tena usidhani soko hili hufanya miujiza. Msimu huo vitunguu vilipanda bei hata hapo Marikiti, na hakuna ujanja uliosaidia. Nyumbani kitunguu kimoja kilitumika siku mbili.

Robo ya sukari na jiko la Kamukunji

Kuna jambo jingine ambalo safari hizo zilinifungua macho. Mtaani kwetu tulikuwa tukinunua sukari robo kwa Sh60. Robo nne ni Sh240, na kilo nzima ilikuwa Sh210. Kwa kila kilo nne tulizonunua kidogo kidogo tulikuwa tukimpa mwenye duka Sh120 zaidi. Simlaumu anayeishi kwa kibarua cha siku, maana huwezi kununua kilo ikiwa mfukoni una pesa za robo. Lakini wewe unayelipwa mwisho wa mwezi, ukinunua robo unajitoza faini kwa kosa ambalo hukulazimika kulitenda.

Kutoka Marikiti, vuka barabara ya Landhies uende Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Utawasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu nyundo hazinyamazi. Hapo mabati na mapipa ya zamani hugeuzwa kuwa masanduku ya wanafunzi, karai, sufuria na majiko. Tulinunua jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, lile lenye kiuno chembamba. Jiko hilo lilibuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuiga kwa sehemu jiko la Thailand. Udongo huzuia joto lisipotee pembeni, na likitumiwa vizuri hupunguza makaa kwa thuluthi moja hadi nusu, ukilinganisha na lile la bati tupu. Mke wangu pia huloweka maharagwe usiku kucha ili yaive upesi. Gunia letu la makaa lililokuwa likiisha kwa wiki tano lilianza kufika wiki ya nane. Onyo moja tu: makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Usipikie chumba kilichofungwa, na usilale kamwe jiko likiwaka ndani.

Mama mboga wetu

Sasa nikueleze jambo ambalo sikulitarajia. Langoni pa mtaa wetu pana kibanda cha mama mboga. Ndiye aliyekuwa akitukopesha sukumawiki na nyanya mwezi unapofika ukingoni, akiandika kwa kalamu juu ya kipande cha katoni. Baada ya Jumamosi ya tatu aliniona nikipita na gunia, akaniamkua, kisha akasema akicheka, "Siku hizi mzee wanipita kama msafara wa rais."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Nilifika nyumbani nikiwa mzito. Tulikuwa tumeziba tundu katika paa letu kwa kung'oa bati la paa la jirani. Yule mama naye ana watoto, naye hulipa nauli ileile iliyopanda. Na siku pesa zetu zikiisha, je, Marikiti itatukopesha?

Tuliketi, nyumba zote tano, tukamwita. Kumbe yeye huenda Marikiti kila siku saa kumi alfajiri! Tukakubaliana kwamba gunia letu alinunue yeye pamoja na mizigo yake, nasi tumlipe Sh300 kwa uchukuzi na taabu yake. Sisi tulikuwa tukitumia Sh400. Kwa hivyo sisi tuliokoa Sh100, yeye akapata chake, na mboga za majani tukaendelea kununua kibandani pake kila jioni. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Na karo je? Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba viazi vililipa karo. Siku ya nne baada ya mazungumzo yale ya daftari nilienda shuleni na binti yangu nikiwa na Sh4,000, nikamweleza mwalimu mkuu hali yangu waziwazi. Alimpokea. Sh5,000 zilizobaki nilizimaliza mwishoni mwa Oktoba, kabla ya muhula kufungwa. Sehemu kubwa ilitokana na kile chakula changu cha mchana, kwa kuwa nilianza kubeba viazi na maharagwe kwenye mkebe. Wenzangu ofisini walinicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wawili kati yao walikuja na mikebe yao.

Binti yangu alimaliza shule yake palepale alipoanzia. Daftari bado liko mezani, lakini sasa lina mwandiko wa watu wawili.

Basi Jumamosi ijayo, kabla hujamuuliza mwenzako pesa zimekwenda wapi, amka alfajiri ubebe kiondo. Mwombe akuandikie orodha ya vitu vya kununua. Nenda ukajionee bei kwa macho yako, uchafue viatu vyako, usukumwe kidogo na mahamali. Ukirudi nyumbani, nina hakika swali lako litakuwa la upole zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza lazima mjue, nyote wawili, kibaba kimetoboka wapi.