Bisi za Sinema kwa Siagi ya Mugumu

Kama uchumba wako ulipamba moto Dar es Salaam baada ya mwaka 2006, pale Mlimani City ilipofunguliwa, basi pua yako inaijua harufu ninayotaka kuizungumzia. Tiketi hujakata, filamu hujaichagua, tayari imeshakupiga: mafuta, siagi, chumvi, na utamu fulani usioeleweka unatoka wapi. Kijana wa watu anajifanya hana njaa, anaagiza boksi moja kubwa la bisi "la wawili", na huko gizani vidole vinakutana ndani ya boksi. Ni wangapi walifika kanisani au kwa kadhi kupitia boksi lile, sijui. Sisi tumo.

Wazazi wetu nao walikuwa na kwao. Walikuwa na Avalon, Empire, Empress na Odeon, na walikuwa na Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966, unakaa ndani ya gari lako na familia yako, chakula cha nyumbani mapajani, picha kubwa mbele. Pale sasa upo ubalozi wa Marekani, uliohamia mwaka 2003 baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 7, 1998. Mikanda ya video ilipozagaa na televisheni ilipofika Bara mwaka 1994, watu wakabaki nyumbani na majumba yale yakazimika moja baada ya jingine.

Sasa, kubaki nyumbani ni jambo jema kama wote wawili mko nyumba moja. Mume wangu ni mwalimu, na mwaka juzi alihamishiwa Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Mimi nikabaki Dar na kazi yangu ya benki. Mwanzoni tulikuwa tunaongea kwenye simu mpaka masikio yanauma. Baadaye maongezi yakaanza kukonda, si kwa ugomvi, yalikonda tu. Umeshanunua umeme? Kodi umelipa? Haya, usiku mwema. Wenye ndoa za mbali wananielewa.

Kwa hiyo nilipopata likizo ya siku kumi nilifunga safari nikiwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa siri: kazini kwetu ilikuwa imetoka nafasi tawi la Tarime, na nilitaka kuuona mji huo kwa macho yangu kabla ya kumwambia mtu, hata yeye. Cha pili kilikuwa chupa ya lita moja ya mafuta ya nazi, niliyoifunga kwa kanga mbili katikati ya begi.

Mafuta ya nazi kwenda nayo Mara ya nini? Hebu nikueleze. Harufu ya bisi za sinema haitokani na mahindi. Biashara ya bisi ilishika kasi Marekani baada ya Charles Cretors kuipeleka mashine yake kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, na miaka ya 1930, hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, majumba ya sinema yakagundua kwamba bisi zina faida nzuri na mteja wa mifuko mitupu bado anazimudu. Siri yao ikawa mambo matatu. La kwanza ni kukaangia mafuta ya nazi, tena mara nyingi yaliyotiwa rangi ya njano. La pili ni chumvi iliyosagwa laini kama vumbi, inayoganda kwenye kila bisi badala ya kudondoka chini ya boksi. La tatu ni harufu ya siagi, ambayo kwa kawaida siyo siagi kabisa. Ni mafuta yaliyotiwa kitu kinachoitwa daiasetili.

Hilo jina likumbuke, nitalirudia.

Kutoka Mwanza nilipanda basi la Sirari. Ukipita Lamadi kuelekea Bunda unapita pembeni kabisa ya hifadhi ya Serengeti, na ukiwa na bahati unawaona pundamilia bure, kwa nauli ya basi. Kisha daraja la Kirumi, Mto Mara umetanuka chini yako, mafunjo kushoto na kulia. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda, na hewa inabadilika. Nilifika Tarime jioni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilivaa sweta nikiwa ndani ya Tanzania bila kuwa Mbeya wala Lushoto.

Dar walikuwa wamenionya sana. "Dada, Wakurya ni wakali!" Ukweli ni kwamba sauti zao ziko juu. Kijana wa dukani alinisemesha kwa namna ambayo ningeweza kulia, kumbe ananiambia nimesahau chenji yangu. Soko limejaa ndizi, ulezi na mahindi, na kwa kuwa mpaka wa Sirari hauko mbali, nusu ya vitu vya dukani vimevuka kutoka Isebania upande wa Kenya. Stendi wanauza bisi, nyeupe za chumvi na nyekundu za sukari. Nilinunua za chumvi nikala nikilitazama tawi letu kutoka ng'ambo ya barabara kama mpelelezi. Jengo ni dogo. Foleni ni ndefu. Hakuna anayenifahamu. Jumba la sinema sikuliona.

Asubuhi chumbani nilikuta mafuta yangu yameganda kwenye chupa, meupe pee. Kwa asiyejua: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Dar jambo hilo huwezi kulishuhudia labda ukiyaweka kwenye friji. Hayajaharibika. Iweke chupa kwenye maji ya moto, yatalainika yenyewe.

Kutoka Tarime kwenda Mugumu unapita Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, unauvuka tena Mto Mara, na kadiri unavyosogea nchi inafunguka, migomba inapungua, ng'ombe wanaongezeka. Ng'ombe hao ndio hasa habari yangu.

Mume wangu amepanga vyumba viwili kwenye ua wa mama mmoja wa Kikurya, mtu mzima, mwenye mifugo. Nilimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mke wa mwalimu. Umekuja kukaa au umekuja kutembea?"

"Nimekuja kutembea, mama." Mwalimu alikuwa amebeba begi langu, na niliona alivyoliangalia begi.

Siku mbili za kwanza tulikuwa kama wageni wawili wenye adabu. Ya tatu, Jumamosi, nikatoa chupa. Akaicheka, halafu akaifungua, akanusa, akanyamaza kidogo. "Mlimani City," akasema. Nikamwambia bado, hiyo ni theluthi moja tu.

Sufuria ya kwanza haikututendea haki. Mahindi ya bisi tuliyonunua yalikuwa yamekaa dukani mpaka yakakauka, na bisi ni suala la maji. Kila punje huwa na unyevu kidogo ndani, takriban asilimia 14. Ikifika joto la nyuzi 180 hivi, maji yale yanakuwa mvuke, ganda linashindwa kuyazuia, na punje inapasuka na kugeuka ndani nje. Punje iliyokauka haina mvuke wa kutosha, inabaki jiwe la kukuvunja jino. Dawa yake ni rahisi: tia mahindi kwenye chupa yenye kifuniko, ongeza kijiko kimoja cha maji kwa kila vikombe vitatu, tikisa, funika, acha siku tatu au nne, ukitikisa kila ukikumbuka. Tulifanya hivyo. Siku zilikuwepo.

Wakati tunasubiri mahindi ndipo nilipokiona kibuyu. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kibuyu mapajani, anakisukasuka mbele na nyuma taratibu huku anaangalia simu. Ndani mlikuwa na maziwa yaliyoganda, na baada ya muda mlio ukabadilika, ukawa mzito, siagi imejitenga. Mama alinipa kidogo kwenye kisahani nionje. Msomaji, nilitaka kukaa chini. Ilikuwa ile harufu. Ile ile ya kwenye korido.

Sasa lile jina. Daiasetili haikubuniwa na mwanakemia yeyote. Hutengenezwa na bakteria wanaogandisha maziwa, na ndiyo inayoipa siagi ya mtindi harufu yake ya siagi. Kiwandani waliiiga, wakaitia kwenye mafuta, na mwigo huo haukuwa salama kwa wote: mwaka 2000 huko Jasper, jimbo la Missouri, waligundulika watu waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bisi wakiwa wameharibika mapafu kwa kuvuta mvuke wake mwingi. Kwa hiyo kile tulichokuwa tunakilipia foleni mjini ni nakala. Yenyewe inatikiswa kwenye kibuyu Mugumu, na anayeitikisa anaangalia simu.

Tatizo moja: siagi ina maji, kama asilimia 16 na zaidi, na maji yakigusa bisi zinanywea. Ndiyo maana samli ni nzuri, maji yamekwisha motoni. Lakini ukichemsha siagi kuwa samli, sehemu kubwa ya ile harufu inaruka na mvuke. Tulibishana juu ya hili jioni nzima, mume wangu na mimi, kwa hoja na vielelezo, na ghafla nikatambua tulikuwa tumeongea saa mbili bila kutaja kodi.

Tulichoafikiana ni hiki. Saga chumvi kwenye kinu kidogo mpaka iwe unga. Kwenye sufuria nzito yenye kifuniko weka vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya nazi na punje tatu za kupimia, moto wa kati. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa, usiyaamini. Punje tatu zikipasuka, mimina nusu kikombe cha mahindi, nusu kijiko cha chai cha ile chumvi, na manjano kidogo sana, kiasi cha kuokota kwa ncha ya kisu; ikizidi utakuwa unakula pilau. Chumvi inaingia sasa hivi, pamoja na mafuta, siyo baadaye. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapopishana na sinema. Funika, lakini acha mwanya mdogo mvuke utoke, kwani bisi zikijifukiza zinakuwa ngumu kama mpira. Tikisa sufuria. Milio ikianza kuachana kwa sekunde mbili, ipua. Pembeni, yeyusha kijiko kimoja cha samli na kijiko kimoja cha siagi ya mtindi ndani ya bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, usiweke bakuli motoni. Nyunyiza kidogo kidogo huku unageuza, ule papo hapo.

Kuhusu moyo: mwaka 1994 watetezi wa walaji Marekani walipiga kelele kubwa juu ya mafuta ya nazi kwenye bisi za sinema, na hawakukosa hoja. Hiki ni chakula cha Jumamosi. Kuna ambao hata Jumamosi daktari kawakatalia, hao wavumilie.

Basi tukaweka kompyuta yake ya mapajani juu ya stuli, mlango wazi, na ua mzima ukahamia kwetu. Nilikuwa nimebeba filamu moja makusudi: ile ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kushinda Oscar ya filamu za matukio halisi. Michael hakuiona ikishinda. Ndege yake ndogo, iliyopakwa milia ya pundamilia, iligongana na tai Januari mwaka huo huo, akafa akiwa na miaka 24, na kaburi lake liko Ngorongoro. Dunia nzima imekaa kwenye viti vya sinema ikiiangalia Serengeti. Wenye Serengeti yao tuliiangalia kwenye kioo cha inchi 15, tukiwa tisa, bisi zinazunguka kwenye sinia.

Mama mwenye nyumba aliangalia nyumbu wanavyokimbia, akasema hao anawajua, wamewahi kula mahindi ya shambani kwake. Watoto wakaomba ya Kanumba. Tukaweka ya Kanumba, na hapo hakuna aliyekumbuka Oscar. Kwenye giza, ndani ya sinia, vidole vya mtu fulani vikagusa vyangu na havikuwa na haraka ya kuondoka.

Nilimwambia habari za Tarime usiku huo, baada ya watu kutawanyika, tukiosha sufuria. Hakuruka kwa furaha. Ni mwalimu, aliuliza maswali: mshahara unabaki vilevile? Nyumba ya Dar nani atakaa? Tarime siyo Mugumu, bado kuna barabara na mto katikati, nimeliona hilo? Nikamwambia nimeliona, na kwamba Ijumaa jioni mpaka Jumatatu alfajiri ni zaidi ya nilichokuwa nacho kwa mwaka mzima uliopita. Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilishatakata zamani.

Barua niliituma nikiwa bado Mugumu, mtandao uliposhika, nimesimama juu ya jiwe nyuma ya zizi. Mama mwenye nyumba alinifungia samli kwenye chupa ya maji kwa ajili ya safari. Siagi yenyewe alikataa, akasema kwa joto la Dar nitafika na mtindi. Chupa ya mafuta ya nazi, iliyobaki nusu, niliiacha kwa mwalimu kwenye kabati, na kesho yake asubuhi akanitumia picha: yameganda tena, anauliza ayaweke juani au maji ya moto.